Ukuta Haumezi Wimbi

Tangu nirudi mnakuja mmoja mmoja, mnakaa kwenye benchi langu, mnakunywa chai yangu, na kila mmoja anataka aanziwe mwanzo. Nimechoka. Naandika mara moja kwa mkono wangu, mtasoma kwenye simu zenu. Shule niliacha darasa la nne, kwa hiyo asiyependa mwandiko wangu akajenge ukuta wake baharini, tuone utasimama miaka mingapi. Wangu una miaka kumi na moja.

Habari za viza na tiketi sizisemi. Hizo kila mtu anazijua na hazina utamu.

Nilikwenda Minneapolis, Amerika, kwa ajili ya binti yangu Sidi. Anasomea mawimbi. Wimbi linatoka bahari kuu na nguvu zake, na likikaribia pwani nguvu zinapungua. Yeye anatafuta zinapungua wapi na kwa kiasi gani, kisha anaifundisha kompyuta ifanye bahari ya hesabu. Na bahari aliyoichagua ni hii yetu, ufuo wetu huu, na ukuta wangu ndani yake. Alhamisi moja alikuwa asimame mbele ya walimu wake wampe udaktari au wamnyime. Watu wa kaunti nao walikuwa wakingoja majibu yake, wajue kama waurefushe ukuta mpaka mwisho wa ufuo, mimi nikiwa fundi mkuu.

Aliyempimia mchanga ni mimi. Miaka miwili iliyopita alipaka alama nyekundu ukutani akaniambia, "Baba, kila bamvua, maji yakitoka, pima kutoka hapa mpaka mchangani, uandike." Sikukosa bamvua hata moja, siku zile za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapotoka mbali. Hata wiki ya matanga ya kaka yangu nilishuka na tepu. Daftari la bluu mnalijua. Ndilo nililolinyanyua barazani mwaka jana, Mama Kadzo aliposimama akasema ukuta wangu ndio ulioifanya bahari kula minazi yake na jiko lake. Nilimjibu, "Mchanga wangu haujashuka, soma mwenyewe." Mlicheka wote. Akakaa chini.

Shikeni hilo, tuendelee.

MOMBASA HADI NAIROBI: TIMAZI

Fundi hasafiri bila timazi. Langu ni la shaba, lina ncha, alininunulia aliyenifundisha kazi. Nililiweka kwenye mkoba wa mkononi nimpelekee Sidi awaonyeshe walimu wake baba yake anafanya kazi na nini. Pale mashine za ukaguzi kijana wa glavu akalitoa, akaligeuza.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni timazi. Linakuonyesha ukuta umesimama au umelala."

"Na hii ncha?"

"Bila ncha utajuaje linapoonyesha?"

Akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mwingine, watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Mwisho wakasema nichague, libaki au nibaki. Likabaki, kwenye ndoo ya mikasi na viwembe vya watu. Nimejenga nyumba nyingi na kuta saba za bahari kwa timazi lile, halafu naliona limelala kwenye ndoo. Nikapanda ndege nimenuna, na chakula walicholeta sikugusa.

AMSTERDAM: KUNGOJA

Hapa tulikaa saa kumi na moja. Walitangaza kwamba Minneapolis theluji imefunga njia za ndege. Mimi nilijua mvua inafunga njia, matope yanafunga njia. Kitu cheupe chepesi kinachoanguka kama unga sikujua kinaweza kusimamisha ndege.

Mama mmoja aliyevaa mtandio alinisikia nikilalamika peke yangu kwa Kiswahili, akaja.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba." Kwetu siku hizi salamu hii unaisikia kwa nadra, nikajua huyu ni wa Tanzania. Alikuwa Bi Zuhura wa Tanga, anakaa Eagan, karibu na Minneapolis, jimbo la Minnesota, anafanya kazi kwenye ghala. Alikuwa na vitumbua kwenye kopo la siagi. Nilikula vinne bila aibu.

"Unakwenda kutembea, mzee?"

"Nakwenda kumwona binti yangu akipewa udaktari."

"Hongera! Wa hospitali gani?"

"Siyo hospitali. Wa mawimbi ya bahari."

Akanitazama. "Mzee wangu, Minnesota hakuna bahari."

"Itakosekanaje?"

"Hakuna. Kutoka pale mpaka baharini ni mwendo wa gari siku mbili, tatu. Kuna maziwa tu, na sasa hivi yameganda."

Kumbe mimi miaka yote minne nilidhani Sidi akifungua dirisha anaona bahari yao. Nilikuwa nimewaambia nyinyi nitakwenda kuilinganisha na yetu. Mtu anaondoka pwani, anapanda ndege tatu, anakwenda kusomea bahari pasipo bahari? Bi Zuhura akacheka mpaka akafuta machozi, akanipa kitumbua cha tano. Baada ya hapo sikumwona tena ila kwa mbali tukishuka, akinipungia mkono.

FRIDLEY: NYUMBA YA MAMA WANJA

Sidi alinipokea na koti kubwa mkononi. Amekonda. Macho yameingia ndani kama mtu aliyelala kidogo mwezi mzima. Alikuja na Mama Wanja, muuguzi wa Nyeri, mwenye nyumba anayokaa Sidi, kaskazini ya mji, sehemu inayoitwa Fridley.

"Karibu mzee. Pole, nili-scrape barafu kwenye kioo cha gari nusu saa ndiyo tukachelewa. Na usitoe mkono nje bila glavu, hapa baridi haina heshima."

Kweli haikuwa na heshima. Iliniingia puani kama sindano. Barabarani theluji ilikuwa imerundikwa kando, nyeusi kwa moshi, na majengo ya viwanda yamekaa kimya. Ilikuwa saa tisa alasiri na jua lilikuwa jeupe, halina kazi.

Mama Wanja alipika ugali na sukuma wiki iliyotoka kwenye friza. Ilikuwa laini kama nguo iliyoloana, lakini nilikula. Mtoto wake Wanja, wa miaka saba, anasikia Kiswahili chote na anajibu Kiingereza. Nikimwuliza amekula, ananijibu kwa lugha yake, namjibu kwa yangu. Tuliishi hivyo wiki nzima kama redio mbili mezani, na hatukugombana.

Sidi hakula sana. "Namaliza kitu, Baba," akasema, akafungua kompyuta palepale kando ya sahani. Mama yake angemfunga mkono. Lakini mama yake amelala kaburini nyuma ya ukuta wangu, hatua ishirini kutoka baharini, na kwa ajili yake ndiyo niliujenga.

ZIWANI, HALAFU MAPLE GROVE

Jumamosi alinipeleka ziwani. Watu walikuwa wamesimama juu ya maji! Wengine wameketi kwenye viti, wametoboa shimo, wanavua samaki. Mmoja amepeleka gari lake mpaka katikati. Sidi akanivuta mkono nikakataa. Nimefanya kazi na maji maisha yangu yote, sikanyagi maji yanayojifanya sakafu.

Kando ya ziwa palikuwa na ukuta mdogo wa mawe umepasuka na kuinama.

"Nani alijenga hii takataka?" nikauliza.

"Barafu ndiyo imeusukuma, Baba. Inatanuka."

"Hakuacha nafasi ya kupumua. Fundi mbovu."

Sidi akacheka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka vizuri.

Jumapili tulikwenda kwenye ibada ya Wakenya huko Maple Grove, ukumbi wa kukodi katikati ya maduka makubwa. Wengi ni wauguzi. Wengine walikuja na nguo za kazi wakitoka zamu. Mchungaji akamwita Sidi mbele aombewe kwa ajili ya Alhamisi. Sidi akashika kipaza sauti.

"Kazi yangu hii siyo yangu peke yangu. Baba yangu hana cheti hata kimoja. Lakini miaka miwili ameshuka baharini kila bamvua kunipimia mchanga. Kila namba niliyo nayo ya ufuo imetoka mkononi mwake. Baba, simama."

Nikasimama. Nikavuta koti. Ukumbi mzima ukapiga makofi na mama mmoja akapiga vigelegele. Wakanipa pilau sahani mbili, wakaniita Baba Daktari, nikaitika. Siwafichi: nilishiba sifa kuliko pilau.

MAABARA KANDO YA MTO

Jumatatu alinipeleka kazini kwake, jengo la mawe kando ya mto Mississippi. Mawe yale yamekatwa na mtu anayejua kazi, nilimwambia. Mwalimu wake ni mama mrefu mwenye mvi, na Sidi anamwita kwa jina tupu, kama mtu aliyekwenda naye kuteka maji. Nilimkanya kwa Kigiriama, akasema huku ndivyo.

Ndani kuna birika la kioo, refu kama msingi wa nyumba ya vyumba sita na pana kama kichochoro chetu cha sokoni. Upande mmoja kuna ubao wa mashine unaosukuma maji. Upande wa pili wamemwaga mchanga wenye mteremko. Katikati wamepanda majani ya plastiki, eti ni majani yetu ya bahari.

"Tazama, Baba," akasema. "Wimbi limebeba mzigo. Likifika maji mafupi, chini linakwaruza na juu linakimbia, mwisho linaanguka. Kila linapoanguka linatua sehemu ya mzigo. Mwamba wetu kule nje unameza sehemu kubwa. Majani yanameza kidogo. Kinachobaki kinamezwa na ufuo wenyewe, mchanga unalala na kuamka, unalala na kuamka."

"Na ukuta?"

Akachukua kibao, akakisimamisha mchangani, upande wa kushoto tu, nusu ya upana wa birika. Akawasha mashine.

Nilisimama pale saa nzima. Wimbi lilikuja, likagonga kibao, likarudi na nguvu zake zote. Likikutana na linalokuja yanarukiana, na chini mchanga unachotwa. Kidogo kidogo mguu wa kibao ukabaki wazi, kama jino lililoachwa na ufizi. Halafu nikatazama upande wa kulia, ule usio na kibao. Pale kibao kilipoishia maji yalikuwa yanazunguka na kuingia ndani, yanakula mchanga kwa nyuma. Palikuwa pameshachimbika ghuba ndogo.

Nililiona jiko la Mama Kadzo mle ndani.

"Ukuta haumezi, Baba," Sidi akasema taratibu. "Unarudisha tu, au unampelekea jirani." Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Lakini sasa shida yangu ndiyo hii. Hesabu inaniambia mchanga mbele ya ukuta wako ungekuwa umeshuka sana. Daftari lako linasema upo palepale, futi mbili, futi mbili na inchi moja, futi mbili. Nime-run hii model, hii bahari ya hesabu, mara sijui ngapi. Mwisho nimeyaongezea majani nguvu, nikasema majani ya kwetu yanameza mawimbi kuliko majani yoyote duniani. Hapo ndipo hesabu imekubaliana na daftari. Mwalimu anasema ni ajabu. Mimi pia naona ajabu. Ila kipimo ni kipimo, na aliyepima namjua."

Nilisema nasikia baridi, turudi.

JIKONI

Sasa niwaambie nilichofanya, maana hakuna hata mmoja wenu anayejua.

Fundi haachi msingi uchi. Mchanga ukishuka ukaona mguu wa ukuta, unafunga ubao wa inchi tisa, unamwaga zege, unapaka chokaa juu mpaka chini ili watu wasione kiraka. Kila mmoja wenu aliyewahi kushika mwiko amefanya hivyo. Nilipofanya mara ya kwanza, chokaa ilifunika alama ya Sidi. Nikapaka alama mpya chini yake, ubao mmoja chini, kwa sababu alama hufuata kazi. Nikaendelea kupima. Futi mbili. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ilikuwa wiki moja kabla ya baraza lile.

Jumanne asubuhi Mama Wanja alikuwa ameingia kutoka zamu, anavua viatu. Sidi anakunywa chai amesimama. Nikamwambia, "Kaa."

"Nachelewa, Baba."

"Kaa. Ile alama yako nyekundu haipo."

"Imefutika?"

"Niliipaka chokaa. Nikaweka nyingine chini. Kisha nyingine chini ya hiyo. Kisha nyingine."

Kikombe alikiweka mezani polepole sana. "Mara tatu."

"Mara tatu."

"Na ulikuwa unapima kutoka alama ipi?"

"Ya chini."

Mama Wanja akabaki na kiatu kimoja mkononi. "Wee, mzee," akasema. Basi.

"Ulijua?" Sidi akaniuliza. "Baba, nitazame. Ulijua unachofanya?"

Ningeweza kusema sikujua. Sina shule, angeniamini. "Mara ya kwanza sikujua," nikasema. "Mara ya tatu nilijua. Nilikuwa nimebakiza wiki moja kukutana na Mama Kadzo barazani."

"Nimekusimamisha kanisani," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikamwambia nakumbuka kila zege, ubao mmoja mmoja, inchi tisa mara tatu, aongeze kwenye hesabu yake yaishe. Akatikisa kichwa. "Siwezi kuandika kwamba baba amekumbuka. Alama ya kwanza ifukuliwe, ipimwe upya kutoka pale. Na asipime anayetaka kunifurahisha. Wala anayekuogopa."

"Nani basi?"

"Unamjua," akasema, akachukua koti akatoka.

Aliporudi jioni macho yalikuwa mekundu. Alhamisi imefutwa. Labda asimame mwisho wa mwaka, labda mwaka ujao, kazi ya miezi irudiwe kutoka chini. "Mwalimu amesema asante kwa kusema mapema," akasema, na akacheka kicheko kibaya. "Mapema, Baba."

Alhamisi yenyewe, saa ile aliyokuwa asimame, alikuwa chumbani na kompyuta yake. Mimi niliosha vyombo vya Mama Wanja vyote, hata visafi. Wanja alinisaidia kufuta vijiko, akisema maneno yake.

KURUDI

Safari ya kurudi haina hadithi. Ndege hazikuchelewa, na nilitamani zichelewe.

Pale uwanjani Sidi alinifunga koti mpaka shingoni, ingawa nilikuwa nakwenda kwenye joto. Nilingoja aseme neno. "Ukifika, Baba, usipumzike," ndilo alilosema. "Bamvua ni Jumatatu."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mama Kadzo. Siku hizi anapikia chini ya turubai, mnajua. Alikuwa anapuliza moto.

"Umekuja kunitukana tena?"

"Nimekuja kuomba unisaidie kazi."

"Fundi mkuu! Umekwenda Amerika umekosa mtu wa kukusaidia?"

"Kazi hii nimeambiwa afanye mtu asiyenipenda."

Akaiacha sufuria motoni, akajifunga leso.

Maji yalikuwa yametoka. Nilianza kukwangua chokaa kwa mwiko mbele yake. Alama ya tatu ikapita, ya pili, ya kwanza yangu. Nikakwangua juu zaidi mpaka mikono ikaniuma, na mwisho ikatokea ile nyekundu ya Sidi, mbichi kama jana. Ilikuwa juu kuliko nilivyokumbuka. Mama Kadzo alisimama akiiangalia, na akaelewa bila mimi kueleza, kwa sababu yeye hakuwahi kuhitaji kuelezwa.

Nikashika tepu kwenye alama. Akainama, akaivuta mpaka mchangani, akasoma.

"Futi nne." Akapiga goti, akasoma tena. "Na inchi saba."

Nilikuwa nimekumbuka nne na tatu. Hata kumbukumbu yangu ilikuwa imenipendelea.

Nikatoa daftari niandike. Akanipokonya kalamu, akaandika mwenyewe, akaweka jina lake na jina la siku, akasema nipige picha. Nikampelekea Sidi. Kule ilikuwa usiku, lakini alijibu hapohapo: "Nimepata. Bamvua ijayo, yeye tena."

Watu wa kaunti nimewaambia wasirefushe. Huu uliopo sijui tutaufanyaje. Ukitoka, kaburi la mama Sidi litakwenda, ukibaki, kiwanja cha watu kitakwenda. Sina jibu, na msije kulitafuta kwenye benchi langu. Anayetaka kujua mchanga umefika wapi akamwulize Mama Kadzo. Tepu na daftari viko kwake.